Mikumi au Serengeti? Hesabu ya safari ya mbugani kwa familia ya Dar

Familia ya Dar es Salaam ikiamua kwenda kuona wanyama, ubishi unaozuka sebuleni ni uleule. Mmoja anasema twende Serengeti, huko ndiko kwenyewe. Mikumi ni njia ya basi la Iringa, twiga unawaona bure dirishani, sasa unalipia nini? Mwingine anajibu kwamba Serengeti ni ya wazungu wenye dola, tutafilisika bure, Mikumi inatosha. Kila upande una ukweli wake, lakini wote wawili wanabishania kiingilio na majina ya mbuga, wakati kinachoamua safari hii ni gari, siku mlizonazo, na likizo ya shule.

Tuanze na kiingilio, maana ndicho kinachowatisha watu bila sababu. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, mtu mzima ambaye ni raia wa Tanzania au wa nchi nyingine ya Afrika Mashariki hulipa shilingi 11,800 Serengeti na 5,900 Mikumi kwa saa 24, VAT ikiwa ndani. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 hulipa 2,360, na wa chini ya hapo halipi. Mgeni kutoka Ulaya au Marekani hulipa zaidi ya dola 80 kwa geti hilohilo la Serengeti msimu wa juu, na bei hiyo ndiyo inayosimuliwa mitaani kana kwamba ni ya kila mtu. Baba, mama na watoto wawili ni shilingi 28,320 Serengeti na 16,520 Mikumi. Tofauti ya 11,800 haifiki bei ya sahani nne za chipsi kuku. Sharti ni kuthibitisha uraia, kwa hiyo kitambulisho cha NIDA au pasipoti kikae mfukoni, kisifungiwe kwenye begi lililo chini ya mabegi mengine.

Sasa gari. Mikumi unaingia na gari lako dogo, na ada ya gari dogo lenye namba za Tanzania ni 23,600. Yaani IST yako inalipiwa zaidi ya familia nzima iliyokaa ndani yake. Kiangazi, barabara za uwanda wa Mkata zinapitika kwa gari la kawaida ukienda taratibu. Masika ni habari nyingine. Neno “mbuga” lenyewe asili yake ni bonde la udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka nyufa wakati wa jua na kugeuka gundi mvua ikinyesha, na Mkata ni mbuga kwa maana hiyo hasa. Machi hadi Mei, usiingie bila gari la magurudumu manne yenye nguvu, na hata ukiwa nalo usiiache barabara kuu ya hifadhi bila kumuuliza askari wa getini njia zipi zimefungwa.

Kaskazini, gari dogo lisahau. Lami inaishia geti la Lodoare, mlango wa Ngorongoro, na kutoka hapo mpaka Naabi, geti la Serengeti, ni changarawe yenye mawimbi yanayolitikisa gari mpaka nati zinalegea, na mawe yanayochana matairi. Gari linalokwenda huko libebe matairi mawili ya akiba, si moja. Kushuka kreta ya Ngorongoro ni kwa magari yenye nguvu magurudumu yote manne tu. Kwa hiyo utakodi, na hapa ndipo pesa inapokwendea. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, umepatana laki tano kwa siku pamoja na dereva. Siku nne ni milioni mbili. Familia ya watu wanne ikibeba mzigo huo peke yake, ni laki tano kwa kichwa kabla hamjala wala kulala. Gari hilohilo likijazwa watu sita, kila mmoja anatoa kama 333,000. Safari ya kaskazini, kwa Mtanzania, ni suala la kujaza viti. Familia mbili, au wafanyakazi wenza waliochangishana kwa miezi sita, wanaweza kwenda mahali ambapo familia moja yenye kipato kizuri inashindwa.

Kabla ya kulipa hata arubuni ya gari, uliza maswali manne na majibu yaandikwe: mafuta yamo? Ada ya gari getini imo? Kiingilio na malazi ya dereva ni juu ya nani? Kampuni ina leseni ya TALA, yaani ya biashara ya utalii? Swali la mafuta lina uzito wake. Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni kama kilomita 335. Kwenda na kurudi, ukijumlisha mizunguko ya siku mbili tatu, unakaribia kilomita 1,000. Land Cruiser lenye mzigo kwenye changarawe linakunywa lita moja kwa kilomita sita au saba, kwa hiyo tunazungumzia lita 140 hadi 170. Kuhusu leseni, mtu anayebeba watalii wa kulipa bila kuwa nayo anaweza kuzuiwa njiani, na likizo yenu ikaishia kwenye kizuizi.

Kuna mtego mwingine kaskazini ambao wengi hawauoni mpaka wafike. Kutoka Arusha kwenda Serengeti kwa njia ya kawaida unakatiza Ngorongoro, na Ngorongoro haipo chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Ina mamlaka yake na malipo yake. Hata kama unapita tu unalipia, na ukirudi siku ya tatu kuiona kreta unalipia tena, pamoja na ada ya gari ya kushuka kreta inayotozwa kwa kila gari na kila mshuko. Halafu saa 24 ni saa 24 kweli. Ukiingia Naabi saa 8 mchana, saa yako ya kutoka ni saa 8 mchana. Kundi linalochelewa kwenye chai ya asubuhi na kusimama kwa simba wa mwisho hujikuta linalipia siku nzima kwa dakika arobaini. Dereva mzuri huipanga safari kwa kurudi nyuma kuanzia saa ya kutoka getini. Malipo yote ni kwa kontroli namba, si taslimu mkononi, na mtandao wa getini hauna uhakika. Shughulikia mkiwa bado mjini.

Wakazi wa Kanda ya Ziwa wana hesabu tofauti. Geti la Ndabaka liko kando ya barabara ya Mwanza–Musoma, na kwa mtu wa Mwanza, Bunda au Musoma, Serengeti ndiyo “Mikumi” yake: anaingia bila kugusa Ngorongoro na bila kulala Arusha. Kinachomkabili ni udongo mweusi uleule, na mbung'o. Nguo za bluu na nyeusi ziacheni nyumbani, maana rangi hizo huwavuta. Hili linahusu pia Mikumi, Ruaha na Tarangire.

Tukirudi kwa mtu wa Dar, siku ni ghali kuliko shilingi. Dar hadi Arusha kwa basi ni saa tisa hadi kumi na moja. Arusha hadi Seronera, pamoja na kusubiri kwenye mageti mawili, inakula siku nyingine karibu nzima. Kwa hiyo siku nne ni za kukaa kwenye kiti, kwenda na kurudi, ili upate siku mbili za wanyama. Mtu mzima anavumilia. Mtoto wa miaka sita, siku ya tatu, hataki tena kusikia habari ya swala. Mikumi ni kama kilomita 280 kutoka Dar, saa nne hadi sita, kutegemea malori ya Kibaha na Chalinze. Ondoka saa 10 alfajiri utayakwepa mengi. Tangu Juni 2024 ipo pia treni ya SGR, inayokufikisha Morogoro chini ya saa mbili, na kutoka hapo zinabaki kilomita kama 100 za gari la kukodi.

Je, unachokiona kinalingana? Hapana, na tusidanganyane. Mikumi utaona tembo, twiga, pundamilia, nyumbu, nyati, pofu, viboko, na ukiwa na subira, simba. Faru hutamuona. Duma usimtegemee. Serengeti ina duma wa uwandani, ina chui wanaolala juu ya miti kando ya mto Seronera, na ina nyumbu zaidi ya milioni moja wanaozunguka mwaka mzima wakifuata mvua. Kreta ya Ngorongoro ina faru weusi ndani ya sakafu ya kilomita za mraba kama 260, iliyozungukwa na kuta za mita 600. Hakuna mahali kusini panapokupa hayo. Anayesema mbuga zote ni sawa hajawahi kusimama Naabi akaitazama nyika isiyo na mti mpaka upeo wa macho. Na ni jambo la kuumiza kwamba watu wanavuka bahari kuja kuitazama nyika hiyo huku wengi wetu tukizeeka bila kuiona, kwa kudhani tu kwamba bei ya mgeni ni yetu pia.

Ila Serengeti ina kilomita za mraba 14,763, na Mikumi 3,230. Ukubwa una gharama: Serengeti wanyama ni wengi, lakini wanahama, na ukifika mahali wasipokuwa utaendesha saa tatu kwenye majani matupu. Hapo likizo ya shule inaingia. Familia zenye wanafunzi husafiri Juni au Desemba. Nyumbu huzaa Ndutu, kusini, kati ya mwishoni mwa Januari na Machi, na tamasha la kuvuka mto Mara kule Kogatende, kaskazini, ni Julai hadi Oktoba. Yote mawili yanakuta watoto wako darasani. Juni makundi mara nyingi yako ukanda wa magharibi, upande wa Grumeti. Desemba, mvua za vuli zikinyesha vizuri, yanarudi nyika za kusini. Kwa hiyo mwenye likizo ya Juni asikubali ratiba inayomlaza Ndutu usiku wote kwa sababu tu malazi ya huko ni rahisi wakati huo. Ni rahisi kwa sababu nyumbu wameondoka.

Ruaha inastahili kutajwa, ingawa kwa ufupi: iko kama kilomita 130 kutoka Iringa, ina mibuyu, tandala, mbwa mwitu na magari machache mno. Lakini uzuri wake unakomaa Agosti hadi Oktoba, maji yanapobaki vidimbwi na wanyama wakakusanyika. Desemba majani yamefunga na wanyama wametawanyika. Mkata, kwa kuwa ni uwanda wazi, huonekana vizuri hata Desemba, na hiyo ni faida ya Mikumi ambayo hata watetezi wake hawaitaji.

Kwa hiyo: mwenye watoto wa chini ya miaka kumi na siku tatu mkononi, aende Mikumi bila kujiona amekosa. Mwenye siku sita na watu sita wa kugawana gari, aende kaskazini, wala asiikatekate iwe siku nne. Kama fedha ya malazi ni ndogo, kambi za umma za Seronera zipo. Mnahitaji mahema, na chakula kisilale ndani ya hema, kwa sababu fisi hupita usiku. Ukingo wa Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Blanketi la Dar halitoshi. Na ndani ya kreta, kwenye bwawa la Ngoitokitok mnaposimama kula, kuleni ndani ya gari. Mwewe wa pale hushuka kutoka nyuma ya bega na kunyakua paja la kuku mkononi mwa mtoto, na kucha zake zinachana ngozi.

Wanaoidharau Mikumi wengi wameikosea saa. Wametoka Dar saa 12 asubuhi, wameingia getini saa 5, jua la utosi, simba wamelala kwenye kivuli na tembo wamezama porini, na saa 10 jioni wameondoka kuwahi foleni ya Chalinze. Wameiona mbuga ikiwa usingizini. Laleni usiku mmoja au miwili. TANAPA ina nyumba za kulala ndani ya hifadhi, na mji wa Mikumi una gesti za kila bei. Ukilala ndani, ingia saa 9 alasiri, na kiingilio kimoja kinakupa jioni ya leo na asubuhi ya kesho. Ukilala nje, muulize mhudumu wa geti kabla hujatoka kama kibali chako kinakuruhusu kurudi, kwa sababu ukishatoka ni vigumu kubishana.

Jioni ya kwanza nendeni moja kwa moja bwawa la viboko. Fikeni saa 11 kasoro, zimeni injini, shusheni vioo nusu. Dakika kumi za mwanzo mtaona migongo tu, kama mawe yaliyolowa. Kisha mmoja anapuliza maji puani, mwingine anaachama mpaka meno ya chini yanaonekana yote, na nyati wanaanza kuteremka kunywa upande wa pili. Getini wanafunga saa 12, kwa hiyo kama mnalala mjini, saa 11 na robo muwe mmeshawasha gari.