Ukumbi ukinyamaza, msiwalaumu watazamaji

Komedi ya kuwakejeli wasomi wa fasihi ikidoda hapa Tabora, utasikia lawama ileile: "Watu hawakuelewa." Sikubaliani nayo hata kidogo. Watu huwa wameelewa, ila hawakuoneshwa kitu.

Chukua ugomvi wa wanamapokeo, walioshikilia vina na mizani (idadi ya silabi), na wanausasa, waliotetea mashairi huru, ule uliopamba moto miaka ya 1970, mshairi Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya mashairi huru, Kichomi, mwaka 1974. Una utajiri wa vichekesho: watu wazima wananuniana kwa sababu shairi halina vina! Lakini mhusika akisimama kutaja "wanausasa" mara tatu, watacheka wanachuo wachache, na wazazi watabaki kutazamana.

Mpeni profesa mshororo, yaani mstari, wa tarbia (shairi la mistari minne kila ubeti) ausahihishe, naye anataka mizani 16, nane kila nusu. "Mwalimu nipe kalamu, niyaandike ya moyoni." Ahesabu mizani kwa sauti, silabi moja kidole kimoja. Vidole vya mikono viishe kwenye 10, avue kiatu. Mguu wa kwanza umfikishe 15, avue na cha pili. Ya 16 imeenea, kumbe ipo ya 17! Ukwapi, nusu ya kwanza, una nane; utao, nusu ya pili, una tisa. Hapo hata mama muuza asali atajua kinachomtesa mzee huyu. Kisha aingie mhudumu wa ofisi, asome "niandike" badala ya "niyaandike", aendelee kupanga vikombe. Huyo mhudumu ndiye mtani wa profesa, na Unyamwezini tunajua mtani ana ruhusa ya kusema ambayo mwingine hana.

Kosa jingine ni kiti cha mgeni rasmi. Akikaa mbele katikati, ukumbi mzima unatazama mabega yake. Yasipotikisika, waliokaa nyuma yake wanameza kicheko, hasa walimu walio chini yake kikazi. Mkalisheni pembeni, safu ya tatu. Heshima yake haitapungua.

Kicheko kikija, mwigizaji asikikanyage. Angoje kianze kushuka, asingoje kife, ndipo aseme. Akiwahi, sentensi inayobeba kichekesho kinachofuata inapotea, na dakika mbili baadaye ukumbi unanyamaza bila mtu kujua chanzo.

Halafu mabati. Mvua zetu ni Novemba hadi Aprili, na ikinyesha juu ya bati lisilo na dari, hakuna koo litakaloshindana nayo. Komedi ya maneno ichezwe Juni hadi Oktoba. Mkilazimika kucheza Januari, tegemeeni viatu vya profesa kuliko ulimi wake.