Haibaneti kwenye laptopu: hofu ya SSD na hatari zilizo za kweli

Wengi wanaotumia Windows wana njia mbili tu za kuiacha laptopu: kuizima au kuilaza (Sleep). Njia ya tatu, haibaneti (Hibernate), mara nyingi haionekani hata kwenye menyu, na wapo mafundi wanaomwambia mteja asiiguse kwa sababu "inaua SSD", yaani diski ya kisasa isiyozunguka, ambayo huchakaa kwa kuandikiwa. Haibaneti ina madhara yake, ila hilo la SSD limekuzwa mno, na yale ya kuogopwa hayasemwi.

Laptopu iliyolazwa huacha kazi zako ndani ya RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na RAM ikikosa umeme husahau kila kitu. Ndiyo maana mashine iliyolazwa Ijumaa jioni bila chaja inaweza kukutwa Jumatatu imezimika. Haibaneti huyabana yaliyomo kwenye RAM, huyaandika kwenye faili iitwayo hiberfil.sys katika diski C, kisha huzima mashine kabisa. Ukiiwasha wiki mbili baadaye, unaikuta hati yako wazi na kishale kinapepesa katikati ya sentensi uliyoiacha. Kwa mwenye betri iliyochoka, na umeme wa kwao hukatika bila taarifa, huo ni msaada mkubwa.

Tuipige hesabu hiyo hofu ya SSD. Chukua laptopu ya RAM GB 8, na tuseme kila haibaneti inaandika GB 3, mara 2 kwa siku. Hizo ni GB 6 kwa siku, karibu TB 2.2 kwa mwaka. Ziko SSD nyingi za GB 250 ambazo watengenezaji huzipa kiwango cha kuandikiwa TB 150 hivi. Kwa haibaneti peke yake, kiwango hicho kingefikiwa baada ya miaka zaidi ya 60.

Penye hoja ni kwenye nafasi. Windows 10 na 11 kwa kawaida hutengea faili hiyo asilimia 40 ya RAM: GB 3.2 kwa RAM ya GB 8, GB 12.8 kwa RAM ya GB 32. Kwenye laptopu ndogo yenye hifadhi ya GB 64 tu, mwenye kuifuta kwa amri ya powercfg /hibernate off simlaumu.

Hatari kubwa iko kwingine. Mashine iliyo kwenye haibaneti inakumbuka diski zilivyokuwa dakika ile ilipozimika. Ukichomoa flashi, ukabadilisha mafaili yake kwenye kompyuta nyingine, kisha ukairudisha na kuamsha laptopu, Windows inaweza kuandika juu yake kwa kufuata kumbukumbu ya zamani na kuharibu mafaili. Mwenye Linux na Windows kwenye mashine moja yumo hatarini vilevile. Mara nyingi Linux itakataa kuandika kwenye diski ya Windows, na inafanya vyema kukataa.

Kero ya pili ni draiva, yaani programu zinazoendesha vifaa vya laptopu. Laptopu inaamka, skrini inabaki nyeusi au Wi-Fi haipo hadi uiwashe upya. Dawa ni draiva na BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu yenyewe. Kama tatizo linarudi hata baada ya hapo, bora kuzima kama kawaida.

Kuiwezesha haibaneti, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /hibernate on. Ikigoma, powercfg /a itakuonyesha sababu. Kisha ingia Control Panel, Power Options, "Choose what the power buttons do", bonyeza "Change settings that are currently unavailable", utie tiki kwenye Hibernate. Kama neno hilo bado halipo, huenda faili imewekwa katika aina iliyopunguzwa. Andika powercfg /h /type full.

Betri kuukuu inahitaji uangalifu wa ziada. Windows kwa kawaida husubiri chaji ishuke hadi karibu asilimia 5 ndipo iingie haibaneti yenyewe, na betri iliyochoka inaweza kudondoka kutoka asilimia 12 hadi sifuri ghafla, kabla faili haijaandikwa. Pandisha kiwango hicho hadi 15.

Tangu Windows 8, "Shut down" nayo ni nusu haibaneti iwapo fast startup (mpangilio wa kuwaka haraka) imewashwa: programu zako hufungwa, lakini kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye hiberfil.sys ileile. Kwa hiyo anayezima kila usiku akidhani anaanza upya, haanzi upya. Laptopu ikianza kuwa nzito, tumia Restart, au shikilia Shift unapobonyeza Shut down.

Mpangilio ninaoupendelea: ukifunga mfuniko chaja ikiwa imechomekwa, ilale, ukiufunga kwenye betri, iingie haibaneti. Halafu usiitupie mkobani papo hapo. Kwenye diski ya zamani inayozunguka, kuandika GB 3 kunaweza kuchukua nusu dakika, na mtikisiko wakati huo unaweza kuikwaruza diski. Subiri hadi taa ya umeme izimike.