Mgeni Hakimbii Masharti

Kila nikipiga simu nyumbani Jambiani, lazima atokee mtu wa kuniuliza kama Bali, kisiwa hiki cha Indonesia nilipo, ni nzuri kuliko Unguja. Hapana. Bahari ni ile ile, minazi ni ile ile, na mchanga wetu ni mweupe zaidi. Kinachoniuma ni kwamba watu wa huku hawamwogopi mgeni, na sisi tunamwogopa.

Hivi karibuni mimi na mume wangu tulilala kwenye villa moja ya kifahari huko Uluwatu, kusini mwa kisiwa, pale ambapo ardhi ya mawe ya chokaa inakatika ghafla na chini yake ni bahari. Pahala pazuri mno. Bwawa limejengwa ukingoni kabisa, ukiwa ndani ya maji huoni linaishia wapi na Bahari ya Hindi inaanzia wapi. Usiku husikii kitu ila mawimbi yakipiga mwamba. Mtu aliyelipa pesa zile anaweza kudhani kila kilichopo kipo kwa ajili yake.

Asubuhi, kabla ya kahawa, akaja dada wa huduma amejifunga mshipi wa kitambaa kiunoni, mkononi sinia. Ndani ya sinia mlikuwa na visahani vidogo vya majani ya mnazi, kila kimoja kina maua, punje za wali na kijiti cha ubani kinachofuka. Kimoja akakiweka mlangoni, kingine ukingoni mwa bwawa, akanyunyiza maji, akatulia, akaomba. Hakufanya haraka kwa kuwa tunamwangalia, wala hakutuomba radhi. Alipomaliza ndipo akatuuliza tunapenda mayai yapikwe vipi. Ibada ile si yetu, sisi ni Waislamu, lakini nilimheshimu dada yule kuliko nilivyoiheshimu villa yenyewe.

Na hicho ni kidogo. Siku ya Nyepi, mwaka mpya wao wa Kihindu, kisiwa kizima kinafungwa kwa saa 24. Uwanja wa ndege hauruhusu ndege kutua wala kuruka, intaneti ya simu inazimwa, taa hazionekani nje, na hakuna anayekanyaga barabarani ila walinzi wa kimila wanaopita kuhakikisha amri inafuatwa. Mtalii naye anabaki hotelini mwake, awe amelala kwenye kijumba cha mgongoni mwa soko au kwenye villa ya juu ya jabali. Halafu mwaka unaofuata anarudi, na wengine wanapanga safari makusudi ili waione siku hiyo. Kwenye hekalu la Uluwatu, lililo juu ya ukingo wa mita kama 70, huingii bila kufunika miguu. Watu wanafungwa vitambaa mlangoni na kuingia, basi. Hata majengo yana kimo chake: mita 15, urefu wa mnazi. Sharti hilo lilikuja baada ya hoteli ya ghorofa kumi kusimamishwa Sanur, pwani ya huku huku Bali, miaka ya sitini na watu wakaona haiwafai.

Sasa nyumbani. Mama yangu mdogo analima mwani pwani ya kwetu tangu miaka ya tisini, hoteli nyingi zilizopo leo hata hazijafikiriwa. Siku moja maji yametoka, amebeba gunia lake la mwani mbichi kichwani linamchuruzikia mgongoni, mlinzi wa hoteli jirani akamsimamisha na kumwambia azunguke nyuma kwa sababu wageni wanapiga picha. Mlinzi mwenyewe ni kijana wa kijiji cha pili, anamwita shangazi! Ufukwe ni wa umma kisheria, na kijana yule anajua. Lakini ameshafundishwa kwamba mgeni akimwona mama mwenye gunia ataudhika, asirudi tena.

Nani kasema ataudhika? Tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar hulazimika kununua bima ya dola 44, na bado wanashuka uwanjani kila siku. Bali nao mwaka huo huo wa 2024 walianza kutoza kila mgeni rupia 150,000, na foleni hazikupungua. Kumbe masharti ya pesa tunayaweza bila kutetemeka. Yakiwa ya heshima ya watu wetu, tunanyamaza. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone; mwenyeji anayezungushwa nyuma ya uzio amepona nini?

Sisemi Bali ni pepo. Rasi ile ya kusini ni kavu, na magari ya maji hupanda vilima kupeleka maji kwenye villa kama ile niliyolala, jambo lililonikera kila nilipolitazama bwawa. Mashamba ya mpunga yanageuka viwanja. Jabali linachongwa bila huruma, mpaka Julai 2025 serikali ikaingia ufukwe wa Bingin, kwenye rasi hiyo hiyo, kubomoa majengo yaliyosimamishwa bila kibali, na waliopoteza riziki pale walikuwemo wenyeji pia. Kuwahi ni bora kuliko kubomoa.

Na sisi tunaweza kuwahi. Mgeni Bali haruhusiwi kumiliki ardhi moja kwa moja, anakodi. Kwetu vilevile ardhi ni ya serikali na mwekezaji anakodishwa. Kwa hiyo karatasi ya kusaini ipo, na kilichoandikwa ndani yake ndicho kitakachomlinda mama mdogo au kumtupa. Kaka yangu yumo kwenye kamati ya shehia, na nimeshamwambia: mwekezaji mwingine akija, kabla nguzo ya kwanza ya uzio haijachimbiwa, mkataba utaje njia ya kwenda pwani, upana wake, na kwamba iko wazi bamvua na maji mafu, mchana na usiku, kwa mwenye gunia na asiye nalo. Ananiambia wataonekana wakorofi. Waonekane.