Nauli ya Moshi Isitoke kwenye Ada ya Mtoto

Kila Desemba ushauri ni uleule: punguza mapambo, chinja kuku mmoja badala ya wawili, watoto warudie nguo za mwaka jana. Kwa sisi watu wa Kilimanjaro tunaoishi Dar es Salaam, ushauri huo haufiki pesa inakopotelea. Pilau na soda havijamfilisi mtu. Kinachotumaliza ni safari ya kwenda nyumbani na mambo yote yanayoisindikiza.

Chukua baba, mama na watoto watatu, kila mmoja na kiti chake. Kwenda na kurudi ni tiketi kumi. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu, hupanga nauli na kutoa vibali vya muda kwa mabasi ya ziada, lakini ukifika stendi ya Magufuli pale Mbezi tarehe 22 bila tiketi, umeshika watoto na mabegi, nguvu ya kubishana na anayekutajia bei yake utaitoa wapi? Treni ya Moshi ilirudi Desemba 2019 baada ya kusimama zaidi ya miaka ishirini, na imesaidia wengi. Haiwezi kubeba watu wote wa wiki ile.

Ukishafika, hesabu ya pili inaanza. Sukari na mchele wa nyumbani, kitenge cha mama, kitenge cha shangazi, shati la baba mdogo. Kipaimara cha mtoto wa binamu. Mchango wa kikao cha ukoo. Halafu jioni, ile meza ambayo aliyetoka Dar anatazamiwa kuilipia yote, na asipolipa anaonekana maisha yamemshinda.

Hapo ndipo ninapogombana na ndugu zangu. Zawadi ya mama sina neno nayo. Lakini kumnywesha bia mtu mzima mwenye shamba na nguvu zake, kwa pesa ya mkopo, ni kumdhulumu mtoto wako. Mshahara wa Desemba mara nyingi hutoka kabla ya sikukuu, na unaofuata ni mwisho wa Januari. Katikati hapo shule zinafunguliwa. Ada ya sekondari za serikali imefutwa, ila fomu ya kujiunga kidato cha kwanza bado ina sare, madaftari, na kwa wa bweni godoro na ndoo. Mwenye nyumba naye anataka kodi ya miezi sita. Ndipo watu wanapokimbilia mikopo ya simu na ile ya mtaani tunayoiita kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ilipiga marufuku majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni. Hatua nzuri, ila mwenye shida ya Januari hakosi mlango mwingine wa kugonga.

Wengine hutania kwamba Wachaga tunakwenda kuhesabiwa. Sawa, na mimi nataka watoto wangu wahesabiwe. Wakalale kwenye kihamba, yaani shamba la urithi, cha babu yao, waoneshwe makaburi, wamsikie bibi akiongea Kichaga. Nani amesema lazima iwe kila mwaka, wote kwa pamoja, katika wiki yenye nauli kali kuliko zote? Ndugu wanaweza kupokezana. Mwaka huu anapanda kaka na familia yake, mwakani dada. Anayebaki Dar anatuma hela ya mama kwa simu, kisha anakwenda Juni shule zikifungwa, akae naye kwa utulivu bila foleni ya wageni mlangoni.

Huko huko vijijini wapo watu wenye akili kutuzidi katika hili. Wana vikundi vya nyama: wanachanga kidogo kidogo mwaka mzima, Desemba wananunua ng'ombe, wanagawana mafungu. Mama mwenye migomba michache anapika nyama ya Krismasi isiyodaiwa na mtu, wakati mgeni wake wa mjini ameegesha gari la kukodi kwa mkopo.

Kwa hiyo ukoo ukikaa mwaka huu, kabla ya kufika kwenye mipaka ya shamba na bati la nyumba ya babu, lipangwe hili kwanza: nani atapanda mwakani, nani atabaki, na kila mmoja ataanza kuchanga kiasi gani kuanzia Februari.