Usiku Mmoja wa Watani Usimng'oe Kocha

Aprili 13, 2013, mjini Pittsburgh, Quinnipiac waliingia fainali ya hoki ya barafuni ya vyuo vikuu vya Marekani wakiwa wamepangwa namba moja kati ya timu 16. Mbele yao walisimama Yale, waliopangwa namba 15. Tena ni majirani: Hamden waliko Quinnipiac na New Haven waliko Yale ni miji inayopakana. Msimu huo walishakutana mara tatu, na mara zote tatu Quinnipiac walishinda.

Wakafungwa 4-0.

Bao la kwanza liliingia zikiwa zimebaki sekunde tatu na nusu tu kipindi cha pili kiishe. Kipindi cha tatu yakaongezeka. Kocha wa Quinnipiac, Rand Pecknold, akamtoa kipa ili aongeze mshambuliaji, maana ndivyo wanavyofanya kwenye mchezo huu wakizidiwa na muda unayoyoma, na Yale wakapachika la nne kwenye goli tupu.

Msomaji wa Kariakoo hahitaji kuelezwa usiku kama ule una ladha gani. Novemba 5, 2023 Simba walipigwa 5-1 na Yanga, na siku mbili baadaye Robertinho hakuwa kocha wao tena. Agosti ya mwaka uleule, pale Mkwakwani, alikuwa amewatoa Yanga haohao kwa penalti na kubeba Ngao ya Jamii. Miezi mitatu ikatosha kulisahau kombe hilo. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma, kwa sababu kocha anayefungwa na watani wa jadi hahukumiwi kwa kazi yake. Anahukumiwa kwa aibu tutakayokwenda nayo kazini Jumatatu.

Quinnipiac hawakufanya hivyo, na naamini walifanya sahihi. Pecknold aliichukua timu mwaka 1994, chuo kikiwa bado daraja la pili. Mchana alifundisha historia sekondari. Mazoezi yalifanyika usiku wa manane kwenye uwanja wa kukodi. Mwaka 1998 timu ikapanda daraja la kwanza, na 2007 ikapata uwanja wake yenyewe. Kwa hiyo mtu aliyesimama pembeni ya barafu pale Pittsburgh akiwatazama majirani wakishangilia ndiye aliyeijenga timu iliyofika hapo. Bila yeye kusingekuwa na fainali ya kupoteza.

Halafu tuutazame mchezo wenyewe. Hoki ya barafuni ina mabao machache na kipa mmoja akiamka vizuri anaweza kuubeba usiku mzima. Usiku ule kipa wa Yale, Jeff Malcolm, aliokoa mashuti yote 36 aliyopigiwa. Kile kisahani cheusi cha raba kinachochezwa badala ya mpira hugonga kiatu cha mtu, hugonga nguzo, hubadili njia kwa kupenya kati ya miguu sita. Kocha anaweza kuandaa timu ikapiga mashuti 36. Hawezi kumwandaa kipa wa wapinzani awe na siku mbaya. Ndiyo maana nawashangaa wanaochukua mechi moja ya watani wakaifanya mizani ya miaka yote ya kazi ya mtu.

Mwaka 2016 Pecknold akarudi fainali, safari hii mjini Tampa. North Dakota wakamfunga 5-1. Fainali mbili, vipigo viwili vizito. Wa kusema "huyu hawezi mechi kubwa" hakosekani, na kocha hana jibu la kumpa. Lakini angalieni kilichofuata: Brad Berry, aliyeshinda usiku huo akiwa katika msimu wake wa kwanza kama kocha mkuu wa North Dakota, alifukuzwa mwaka 2025. Aliyefungwa alibaki.

Sitaki kudanganya kwamba kufukuza kocha ni kosa kila mara. Chuo Kikuu cha Boston kilimwondoa Albie O'Connell Machi 2022, mwezi mmoja tu baada ya kutwaa Beanpot, kombe linalogombaniwa kila Februari na vyuo vinne vya Boston na viunga vyake. Nikiangalia kombe lile naona hakutendewa haki. Hata hivyo mrithi wake, Jay Pandolfo, aliifikisha timu nusu fainali ya taifa katika msimu wake wa kwanza. Waliofanya uamuzi huo walitazama mbali kuliko kombe moja, na lazima nikubali waliona sawasawa. Kama kushinda usiku mmoja hakukumwokoa O'Connell, basi kushindwa usiku mmoja kusimmalize mwingine. Ninachoomba ni kipimo kilekile kwa pande zote mbili: msimu uishe, hasira ishuke, kisha ulizwe kama vijana wanakua mikononi mwake. Maana hawa ni wanafunzi. Wengi walikichagua chuo kwa sababu ya kocha huyo, pengine aliyekwenda kukaa sebuleni kwa wazazi wao akawaahidi atamlea mtoto wao. Akiondolewa kwa kelele za mashabiki, ahadi hiyo nani ataitimiza?

Aprili 8, 2023, Tampa tena. Pecknold yuko msimu wake wa 29, fainali yake ya tatu, na Minnesota wanaongoza 2-0. Quinnipiac wanapata moja. Zikiwa zimebaki chini ya dakika tatu, kipa wao yuko nje kama ilivyokuwa Pittsburgh miaka kumi nyuma, na goli liko tupu. Safari hii Collin Graf anasawazisha. Muda wa nyongeza unaanza, mwamuzi anadondosha kisahani katikati, vijana wanacheza mpango waliouandaa kwa ajili ya mwanzo kama huo, na Jacob Quillen anafunga bao la ubingwa. Zilikuwa zimepita sekunde kumi tu.