Ulinzi wa Mgeni Mjini Minya Unamkinga Nani?

Minya iko kilomita zipatazo 250 kusini mwa Cairo, kwenye ukingo wa magharibi wa Mto Naili, na watalii walio wengi huipita wakiwa usingizini ndani ya treni ya usiku iendayo Luxor na Aswan. Msafiri wa peke yake anayeamua kushuka hapo hukutana na mambo mawili karibu kwa pamoja. La kwanza ni vumbi, ambalo sehemu yake ni la jangwani na sehemu yake hutoka katika machimbo ya mawe ya chokaa yaliyo ng'ambo ya mto, jeupe kiasi kwamba vibarua wa huko huonekana kama watu waliomwagiwa unga. La pili ni askari. Kwa miaka mingi polisi wa mkoa huu wamekuwa wakitaka kujua mgeni amefikia wapi na anakwenda wapi, na mara nyingi humpangia askari kanzu wa kufuatana naye, au gari la kumsindikiza hadi kwenye makaburi ya kale na kumrudisha. Utaratibu huo hulegea na kukazwa kwa kadiri ya hali ya nchi, na pengine kwa kadiri ya afisa aliye zamu.

Hoja ya serikali si ya kupuuzwa. Katika miaka ya 1990 kundi la wanamgambo wa Kiislamu la al-Gama'a al-Islamiyya lilipigana na dola katika Misri ya Juu, yaani kusini mwa nchi, na Mallawi, mji ulio kusini mwa Minya katika mkoa huohuo, ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Kisha, tarehe 17 Novemba 1997, wanamgambo waliwaua watu 62 kwenye hekalu la Malkia Hatshepsut huko Luxor, 58 kati yao wakiwa wageni, na utalii wa nchi nzima ukaporomoka. Mtalii mmoja akiuawa Minya, hasara humfikia hata mwendesha mashua wa Aswan ambaye hajawahi kukanyaga huko, na kwa nchi inayotegemea fedha za kigeni zinazoletwa na watalii, kumpa mgeni askari wa kumfuata ni gharama ndogo sana.

Lakini mtu akitazama ni nani hasa waliouawa Minya katika miaka ya karibuni, picha inakuwa nyingine. Mkoa huu unajulikana kwa wingi wa Wakristo wa Kikopti, yaani wa kanisa la kale la Misri, na wao ndio walioumia. Agosti 2013, baada ya jeshi kumwondoa Rais Mohamed Morsi na kambi za wafuasi wake jijini Cairo kuvunjwa kwa nguvu, makanisa kadhaa ya mkoa huu yalichomwa moto, na jumba la makumbusho la Mallawi likaporwa karibu kila kilichobebeka. Tarehe 26 Mei 2017 watu wenye silaha waliushambulia msafara wa Wakopti waliokuwa wakienda kwenye monasteri ya Mtakatifu Samuel, wakaua watu wasiopungua 28, wakiwemo watoto. Novemba 2018, katika njia ya monasteri hiyohiyo, mahujaji wengine saba waliuawa. Mtetezi wa ulinzi atajibu kwamba wageni hawakuguswa kwa sababu walilindwa, na sina njia ya kulivunja jibu hilo moja kwa moja. Ninachosema ni kwamba baada ya shambulio la kwanza hatari ya njia ile ilijulikana, na bado la pili likatokea, wakati mtalii mmoja aliyetaka kunywa chai kando ya mto alikuwa akipewa mlinzi wake mwenyewe.

Mlinzi huyo naye ana gharama ambayo haionekani kwenye hesabu za serikali. Watu wa Minya ni wakarimu kwa namna ambayo imekwisha kupotea kwenye njia za watalii. Mtu hukusogezea kiti mkahawani, akauliza habari za kwenu, akakukataza kulipa. Askari akikaa meza ya jirani, mazungumzo hufifia, na dereva wa teksi aliyekuwa tayari kukupeleka Tell el-Amarna, uliokuwa mji mkuu wa Firauni Akhenaten, hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli nyingine, kwa kuwa hataki kuhojiwa kwenye vizuizi vya barabarani. Tena ulinzi wenyewe huangalia sura. Msafiri mweusi anaweza kudhaniwa Msudani na kupita sokoni bila kuulizwa, huku Mzungu aliyeshuka naye treni moja akiwa ameshapata kivuli. Ikiwa hatari ni ya kweli, sijui kwa nini iwe inachagua ngozi.

Hata hivyo, sisi wasafiri wa peke yetu hatuna haki ya kulalamika bila kujichunguza. Tunausifu mji huu kwa sababu haujaharibiwa na utalii, tunafurahia kuwa peke yetu mbele ya makaburi ya Beni Hasan, 39 kwa idadi, yaliyochongwa ndani ya jabali takriban miaka 4,000 iliyopita, na tunasahau kwamba upweke huo ni zao la hofu iliyowafukuza wateja wa mwenye hoteli na wa fundi anayetengeneza mashua. Raha yetu ni ukata wao. Ndani ya mojawapo ya makaburi hayo, la Khnumhotep II, mkuu wa eneo hilo wa zama hizo, kuna mchoro wa kundi la watu wa Asia wakiingia Misri na punda wao, na mbele yao mwandishi wa serikali ameshika hati yenye idadi yao, watu 37, na mwaka waliofika, ambao ni wa sita wa utawala wa Firauni Senusret II. Kumwandikisha mgeni, basi, ni kazi ya kale sana katika mkoa huu. Kumfuata hadi mkahawani ni jambo jingine.

Kwa maoni yangu, ulinzi ungebaki kwenye barabara za jangwani na kwenye maeneo ya kale, tena uwe wa barabara yenyewe na kila anayeipita, awe hujaji wa Kikopti au mtalii, kisha mjini mgeni aachwe atembee. Anayetaka msindikizaji aombe. Uamuzi huu una uzito kuliko starehe ya wasafiri wachache, kwa sababu ng'ambo ya mto kuna jumba kubwa la makumbusho ya Akhenaten, lililoanza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, likakwama baada ya mapinduzi ya 2011, na ambalo matumaini mengi ya mkoa yamewekwa juu yake. Utaratibu wa sasa ukiendelea, mabasi yatatoka Cairo asubuhi na askari mbele na nyuma, yatasimama kwenye jumba hilo, na kurudi jioni kabla ya abiria kuvuka daraja kuingia mjini, ambako ndiko waliko wenye hoteli, wenye mikahawa na madereva wa teksi.