Mikopo ya nyumba vijijini Marekani: kigezo cha kipato kinamwacha nani nje?

Katika kaunti za mashambani nchini Marekani, familia isiyo na akiba inaweza kupata mkopo wa nyumba unaodhaminiwa na Wizara ya Kilimo, fursa ambayo mkazi wa jiji kubwa hana. Mpango huu una mizizi katika Sheria ya Makazi ya 1949. Benki hutoa fedha, na Serikali huzidhamini hadi asilimia 90, ili mkopaji akishindwa kulipa, hasara yote isiiangukie benki. Kwa sababu hiyo mnunuzi huweza kukopa bei yote ya nyumba, kwa riba isiyobadilika, na kulipa kwa miaka 30.

Tuchukue nyumba ya dola 180,000. Ada ya mwanzo ya asilimia 1 ni dola 1,800, nayo huweza kujumlishwa katika mkopo wenyewe, na kila mwaka huongezeka ada ya asilimia 0.35 ya deni lililobaki. Mkopo wenye bima ya FHA, yaani idara ya Serikali inayoweka bima kwenye mikopo ya nyumba, ungemtaka mnunuzi huyo atoe kwanza asilimia 3.5, yaani dola 6,300 taslimu. Kwa kaya inayoishi kwa mshahara wa wiki hadi wiki, fedha hizo ndizo huamua kama nyumba itanunuliwa au kodi itaendelea kulipwa. Sioni hoja ya kuaminika ya kuupinga mpango kwa msingi huu, na ugumu unaanza pale tunapouliza nani anastahili.

Kigezo cha kwanza ni mahali. Kwa kawaida mji wenye watu wasiozidi 10,000 wenye sura ya kijiji hukubaliwa, na hadi 20,000 ukiwa nje ya eneo la jiji kuu na mikopo ikiwa adimu. Baadhi ya miji iliyotambuliwa zamani hubaki ndani hadi kufikia watu 35,000. Wakosoaji husema mipaka hii huingiza vitongoji vya kando ya miji mikubwa, ambako wakazi wake huenda kazini mjini kila asubuhi. Ni kweli, lakini mpaka wowote utakaochorwa utakuwa na majirani wawili wanaotenganishwa na barabara moja.

Kigezo cha pili, yaani kipato, ndicho kinachostahili kujadiliwa zaidi. Kwa jumla, kipato cha kaya hakipaswi kuzidi asilimia 115 ya kipato cha kati cha eneo (kile ambacho nusu ya kaya hupata zaidi yake na nusu chini yake), baada ya makato fulani, kama ya watoto na malezi yao. Kinachohesabiwa ni kipato cha watu wazima wote wanaoishi katika nyumba hiyo, hata wasiotia saini mkataba. Lakini benki inapopima uwezo wa kulipa, huangalia kipato cha waliotia saini peke yao; malipo ya nyumba kwa kawaida yasizidi asilimia 29 ya kipato hicho, na madeni yote asilimia 41. Hivyo pensheni ya bibi na mshahara wa kijana aliyeanza kazi huweza kuipandisha familia juu ya kikomo, ilhali fedha hizohizo hazimsaidii baba kuthibitisha kwamba ataumudu mkopo.

Watetezi wa kanuni wana jibu lenye uzito. Bila hesabu ya kaya nzima, nyumba yenye watu wenye vipato vizuri ingemtanguliza mwenye mshahara mdogo kuliko wote na kuchukua msaada usiomhusu. Aidha, kikomo hupanda kaya inapofikisha watu watano, kwa hiyo huenda bibi akaleta nafuu badala ya kizuizi. Hata hivyo, naona ni kosa kumhesabu mtu kama tajiri wa nyumba asiyokuwa na haki yoyote ndani yake. Mwenza wa mkopaji ahesabiwe daima. Mzazi au mtoto mkubwa asiyetia saini ahesabiwe kwa sehemu tu.

Upande wa pili wa kikomo ni walio chini kabisa. Kwao upo mkopo wa moja kwa moja kutoka Wizara yenyewe, wa miaka 33, au 38 kwa wenye kipato kidogo zaidi, ambapo ruzuku huweza kuishusha riba hadi asilimia 1. Sehemu ya ruzuku hiyo huweza kudaiwa nyumba inapouzwa, jambo ambalo mkopaji anapaswa kulielewa kabla ya kusaini. Tatizo ni kwamba fedha zake hutegemea bajeti ya Bunge kila mwaka, na mwombaji anayetimiza masharti yote huweza kusubiri kwa sababu fungu limekwisha. Ikiwa nguvu za kurekebisha mpango huu ni chache, zielekezwe kwanza kwenye fungu hilo kabla ya kubishania tena ramani.